Marafiki wa Kaimosi: Jinsi Kanisa la Kijijini Lilivyofika Ofafa

Mtu apitaye katika mitaa ya mashariki ya Nairobi asubuhi ya Jumapili, kutoka Shauri Moyo hata Jericho, husikia karibu dini zote za Kenya katika mwendo wa saa moja. Huku kengele, kule ngoma. Huku padre na ubani, kule mhubiri asimamaye kando ya soko. Lakini mgeni akiingia katika nyumba ya ibada ya Marafiki iliyoko Ofafa, atashangazwa na mambo asiyoyaona kuliko ayaonayo. Hataona birika la kubatizia watoto wala watu wazima. Hataona mkate na divai vikigawanywa. Ataimba pamoja na wenyeji, atasikia Neno likihubiriwa. Kisha yawezekana watu wote wakanyamaza kimya, kila mmoja akingoja moyoni mwake.

Wengi wetu tumekaa nyumba moja na watu hawa, tumefanya kazi nao ofisini na kwenye reli, wala hatujapata kuwauliza walitoka wapi. Habari zao zafaa kujulikana hata na mtu asiye wa kanisa lao, maana ndani yake limo swali limhusulo kila aliyeacha shamba la baba yake akaja mjini: Je, jambo jema lililojengwa na watu wa kilima kimoja, wajuanao kwa majina na kwa koo, laweza kudumu mahali ambapo jirani hajui jina la jirani?

Marafiki ni nani?

Chama cha Marafiki kilianza Uingereza katika karne ya 17, wakati wa vita na fitina za dini. Kiongozi wao alikuwa George Fox, mwana wa mfuma nguo. Fox alifundisha kwamba Mungu aweza kusema na kila mtu moyoni, awe mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini, na kwamba ubatizo wa kweli ni ule wa Roho. Wafuasi wake walikataa kuapa mbele ya hakimu, wakisema kwamba neno la mtu mkweli halihitaji kiapo. Walikataa pia kushika silaha. Kwa ajili hiyo wengi walitiwa gerezani. Watu waliwacheka na kuwaita Quakers, maana yake watetemekao, lakini wenyewe walipenda kuitwa Marafiki.

Liko jambo jingine katika desturi zao ambalo sisi makarani tutalipenda. Mkutano wao wa kuamua mambo hauna mwenyekiti mwenye kukata shauri, wala hakuna kupiga kura. Aongozaye huitwa karani. Kazi yake ni kusikiliza watu wote, kutambua nia ya mkutano, kuiandika, kisha kuisoma mbele yao ili waseme kama ndivyo. Ikiwa watu hawajapatana, shauri huahirishwa mpaka mkutano mwingine. Msomaji na akumbuke desturi hii, kwa sababu tutairudia.

Wageni watatu

Habari za Marafiki katika nchi yetu zinaanza na Mmarekani mmoja, Willis Hotchkiss. Mwaka 1895 alikuja Ukambani pamoja na kundi la kwanza la Africa Inland Mission, lililoongozwa na Peter Cameron Scott. Homa na taabu ziliwapiga sana watu wale. Scott mwenyewe alifariki mwezi wa Desemba 1896, na kundi likapungua hata likakaribia kwisha. Hotchkiss alirudi kwao akiwa na wazo moja: misheni isiyofundisha Waafrika kazi za mikono haitadumu, kwa kuwa mwongofu asiye na njia ya kujilisha atakuwa siku zote mtegemezi wa mgeni.

Marafiki wa Marekani walilipokea wazo hilo, wakaunda Misheni ya Ufundi ya Marafiki katika Afrika. Mwaka 1902 walituma watu watatu: Hotchkiss mwenyewe, Edgar Hole na Arthur Chilson. Reli ilikuwa imefika Kisumu miezi michache tu nyuma yake, mwezi wa Desemba 1901, kwa hiyo walisafiri kwa garimoshi kutoka Mombasa hadi ziwani. Nchi ile yenyewe ilikuwa imetoka tu mikononi mwa Uganda, kwa maana mpaka Aprili 1902 ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Huko Kisumu walionana na Bwana C. W. Hobley, mkubwa wa Serikali wa sehemu zile, naye akawashauri watazame vilima vilivyo upande wa kaskazini na mashariki.

Mwezi wa Agosti 1902 walipiga hema zao Kaimosi, mwendo wa maili zaidi ya 20 kutoka Kisumu, mahali penye msitu mkubwa na mito isiyokauka. Palikuwa mpakani. Upande mmoja walikaa Watiriki, upande wa pili Wanandi, na amani ilikuwa haijathibitika. Wanandi walikuwa wangali wakipigana na Serikali, na vita vile havikwisha mpaka baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa mwezi wa Oktoba 1905. Basi watu wasioshika silaha walijenga nyumba yao mahali ambapo kila mwanamume alilala na mkuki karibu. Salamu ya wenyeji wa Tiriki na Maragoli ni "mirembe", yaani amani. Naamini wageni wale hawakukawia kuijifunza.

Kinu cha mbao na kitabu

Kazi ya kwanza ilikuwa ya shoka na jembe. Walikata miti, wakafyatua matofali, wakalima, wakaweka kinu cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu za maji. Vijana wa karibu walikuja kutafuta kazi ya mshahara, wengine kwa ajili ya kodi ya Serikali, wengine kwa kutaka kuona mambo mapya. Kabla ya kuanza kazi walisomewa Neno na kuombewa, na jioni waliotaka walifundishwa herufi. Daktari Elisha Blackburn alifika mwaka 1903, na watu wakaanza kuleta wagonjwa wao.

Miaka ya kwanza haikuwa na mavuno makubwa. Hotchkiss mwenyewe aliondoka mapema, akaenda kuanzisha misheni nyingine katika nchi ya Wakipsigis, iliyokuwa ikiitwa Lumbwa. Lakini kidogo kidogo walipatikana watu waliosikia zaidi ya mshahara. Miongoni mwa waumini wa kwanza waliokuwa nguzo za kanisa ni Daudi Lung'aho na Yohana Amugune. Hao na wenzao ndio waliokwenda vijijini kufundisha na kuhubiri kwa lugha ambayo watu waliielewa. Mzungu alikuwa na kituo. Mwenyeji ndiye aliyekuwa na njia zote za kwenda kwa watu, mashambani, sokoni na matangani.

Vituo vingine vikafuata: Vihiga katika Maragoli, Lirhanda katika Isukha, Malava katika Kabras, na baadaye Lugulu katika nchi ya Wabukusu. Huko Vihiga alikaa Bwana Emory Rees pamoja na mkewe Deborah. Rees aliona kwamba kanisa lisilo na kitabu katika lugha yake ni kama nyumba isiyo na msingi. Alifanya kazi ya kutafsiri Agano Jipya katika Kimaragoli pamoja na Joel Litu, Mmaragoli mwenye akili nyingi na uvumilivu. Msaada wa Litu haukuwa mdogo. Mgeni aweza kujua Kiyunani, lakini ni mwenyeji ajuaye neno gani litagusa moyo wa mama aliye shambani. Rees aliondoka nchini katika miaka ya 1920, lakini kazi haikusimama, na mwaka 1951 Biblia nzima ikatoka katika Kimaragoli.

Gharama ya kusoma

Waumini wale waliitwa "avasomi", yaani wasomaji, kwa sababu kusoma na kusali vilikuwa jambo moja. Sisi tuliozaliwa nyuma twaweza kudhani kwamba kuwa msomaji kulikuwa heshima tu. Haikuwa hivyo. Kwa wazee, mtungi wa pombe haukuwa wa kulewa peke yake. Penye mtungi ndipo mashauri ya ukoo yalipozungumzwa, ndipo wakwe walipopatana, na ndipo majirani walipolipwa kwa kusaidia kulima. Msomaji aliyekataa pombe alijiondoa pia katika baraza. Aliyekataa kushiriki sadaka za mizimu alilaumiwa mtoto wa ndugu yake alipougua.

Kwa hiyo wasomaji walihitaji kusaidiana. Wengi walijenga karibu karibu, wakawa na shule yao, na mkutano wao wa kupatanisha magomvi. Kanisa likawa kama ukoo mpya: msomaji akifiwa, wasomaji walichimba kaburi, akiugua, walimpalilia shamba. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Kaimosi. Kinu cha mbao kilikuwa cha misheni, na majengo yalikuwa ya misheni, lakini kule kukutana kulikuwa kwa watu wenyewe.

Jeraha la mwaka 1927

Historia ya kweli haifichi makosa. Mwaka 1927 Chilson alihubiri Kaimosi juu ya Roho Mtakatifu, na watu wengi, hasa vijana, walishikwa na nguvu kubwa. Walilia, waliungama dhambi zao hadharani kwa sauti, wengine walinena kwa lugha zisizojulikana. Chilson aliona kwamba ni kazi ya Mungu. Wamisheni wengine na baadhi ya wazee waliona ni fujo, na baada ya Chilson kuondoka wakakataza ibada ya namna ile. Wenye kuungama kwa sauti waliambiwa wanyamaze au watoke.

Walitoka. Kutokana nao yalizaliwa makanisa ya Roho Mtakatifu, ambayo watu wao twawaona mpaka leo wakipita mitaani kwa ngoma na bendera, wamevaa nguo nyeupe zenye msalaba mwekundu. Wengi wa wakazi wa Nairobi hudhani kwamba hao na Marafiki ni watu mbalimbali kabisa. Kumbe wote ni watoto wa kilima kimoja. Jumapili katika Barabara ya Jogoo mjukuu wa aliyefukuza aweza kupishana njiani na mjukuu wa aliyefukuzwa, wala wasijue.

Si kazi yangu kuamua ni nani aliyekuwa na haki. Lakini yafaa tuulize: Je, watu wale walisikilizwa? Kanisa lenye desturi ya kungoja mpaka nia ya wote ijulikane halikungoja mwaka ule. Lilikata shauri kwa haraka, kama hakimu, nalo likapoteza wana wake.

Mwaka 1946 Marafiki walipewa Mkutano wao wa Mwaka wa Afrika ya Mashariki, makao yake Kaimosi, nao ukawa na madaraka yake wenyewe badala ya kuwa tawi la Marekani. Elimu ilizidi kukua: mwaka 1959, kwa mfano, Chavakali ilipata shule ya sekondari ya kutwa, ambako mtoto wa mkulima aliweza kusoma na kurudi kulala kwao. Baada ya uhuru, mwaka 1964, uongozi wa kazi ya misheni uliwekwa mikononi mwa Waafrika, na Thomas Lung'aho akawa mbele katika kazi hiyo. Jina la Lung'aho, lililokuwa miongoni mwa yale ya kwanza kuandikwa katika kitabu cha waumini, sasa lilitiwa sahihi chini ya barua za kanisa zima.

Njia ya kuja Nairobi

Mashamba ya Maragoli na Tiriki yana rutuba, lakini ni madogo, na watu ni wengi. Kijana aliyejua kusoma, kupiga randa au kuweka hesabu alipanda garimoshi. Hivyo elimu ya Kaimosi, iliyokusudiwa kumfanya mtu akae vizuri nyumbani, ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Nairobi haikumtazama kama mwenyeji. Pumwani ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakae mahali pamoja. Baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati, na nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni. Kwa muda mrefu nia ya wakubwa ilikuwa kwamba Mwafrika ni mfanyakazi wa kupita tu. Alipewa nafasi ya kitanda katika chumba cha watu watatu au wanne. Mke na watoto walibaki kijijini. Tufikirie basi Mkristo wa Kaimosi akikaa katika chumba kile. Mama zake na dada zake, waliokuwa nusu ya mkutano na zaidi, hawapo. Wazee wa kumwonya hawapo. Pombe ipo karibu, na mshahara uko mfukoni.

Lakini imani yake ilikuwa na jambo moja lililomfaa. Mkutano wa Marafiki hauhitaji madhabahu, wala padre aliyewekewa mikono, wala chombo chochote kitakatifu. Watu wawili watatu wakikaa juu ya vitanda vyao, wakafungua kitabu, wakanyamaza na kuomba, huo ni mkutano kamili.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kizuizini, wengine wakarudishwa makwao. Vyumba vikawa wazi, na kazi zikawa hazina watu. Waajiri wakatafuta watu wa magharibi, nao wakaja wengi, Waluhya miongoni mwao. Hesabu ya Marafiki mjini ikaongezeka. Ni haki kusema wazi kwamba nafasi ile ilipatikana kwa machozi ya watu wengine, na mtu wa amani akumbuke jambo hilo anapohesabu baraka zake.

Katika miaka hiyo mitaa mipya ilijengwa kwa haraka. Miwili ilipewa majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi wa Waafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Katika Ofafa ndipo Marafiki walipopata mahali pao, kanisa na kituo cha mkutano. Hivyo watu waliofundishwa kutoshika silaha wanakutana katika mtaa wenye jina la mtu aliyekufa kwa silaha. Sijui mahali palipofaa zaidi kwa mafundisho yao.

Karani na aandike

Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, Uingereza na Marekani zikiwamo. Mtu akisikia hivyo aweza kusema kwamba swali letu la mwanzo limekwisha jibiwa. Lakini wingi peke yake hautoshi. Mwaka 1973 Marafiki wa upande wa Elgon walijitenga na Kaimosi wakaunda chama chao, na baada yao wengine wakafanya vivyo hivyo. Nairobi nayo ilipata Mkutano wake wa Mwaka mwaka 1987. Mengine katika magawanyiko hayo yalikuwa ya lazima, kwa sababu kanisa lilikuwa kubwa na njia ni ndefu. Mengine yalitoka katika ugomvi wa mali, wa vyeo na wa makabila, na kila mwenye masikio aliyasikia.

Mimi ni karani wa Serikali, na nimeketi katika mikutano mingi ya watu wa kwetu hapa mjini: ya chama cha ukoo, ya kusafirisha maiti, ya karo za shule. Mara nyingi nimeona shauri likipita kwa sababu mwenye sauti kubwa amechoka kungoja. Kumbukumbu huandikwa vizuri, sahihi hutiwa, na baada ya miezi mitatu chama hakipo tena. Wale walioshindwa kwa kura hawakusema neno, hawakurudi tu.

Ndiyo sababu nasema kwamba urithi mkubwa wa Kaimosi ni ule mkutano wenye karani asikilizaye. Kinu cha mbao kimepitwa na wakati, na wale Wamarekani watatu wamekufa zamani. Lakini pale watu walipokutana wakasikilizana, kanisa lilivuka msitu, likavuka reli, likaingia hata katika chumba cha vitanda vinne. Pale walipokataa kusikilizana, mwaka 1927 na baadaye, wala pesa wala majengo havikuwashika pamoja.

Wazee wetu walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mjini wazee ni wachache, na wengi wetu tumekuwa wazee kabla ya wakati wetu, vijana wenye kalamu mkononi. Basi msomaji, uwe Rafiki au usiwe, siku utakapochaguliwa kuandika mambo ya chama chako, usiwe na haraka ya kufunga daftari. Tazama nyuma kabisa ya chumba, kwa yule aliyekaa karibu na mlango ambaye hajasema neno tangu mkutano uanze. Mwulize anaonaje. Kisha ndipo uandike.